Laptop Mpya Akapewa Zeynab

Picha ni moja. Programu ni moja. Kifua ni cha mzee mmoja.

Laptop ya kwanza ikasema mapafu ni safi, mzee aende nyumbani akacheze na mjukuu wake.

Laptop ya pili, kwa picha ile ile, ikasema huyu mtu apelekwe hospitali.

Sasa wewe ungeamini gani? Ile mpya ya bei mbaya, ama ile yangu yenye vibonye vimeng'oka na feni inanguruma kama posho mill?

Usijibu haraka. Kaa chini kwanza nikwambie vile ilienda.

Naitwa Kagendo. Kwetu ni Chogoria, lakini nimepanga chumba hapa Nyeri, Majengo, nyuma ya msikiti. Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Ofisi yetu ni ndogo, iko juu ya duka la dawa za mifugo, na boss wetu anaitwa Gathogo.

Kulikuwa na programu moja ndiyo ilikuwa inatulisha sote. Gari la eksirei linaenda mjini, watu wanapigwa picha za kifua bure, halafu programu inaangalia zile picha na kumpa kila mtu alama. Alama ikiwa chini, uko safi. Ikipanda, unatumwa hospitali ukapimwe makohozi, wajue kama uko na TB.

Hiyo programu niliiandika mimi. Mimi, Kagendo, na hizi mikono.

Ilikuwa nzuri, shida yake ilikuwa tu kwamba ilikuwa pole pole. Kule Kerugoya watu walisota kwa foleni mpaka wengine wakaenda zao bila majibu. Murang'a mama mmoja aliniuliza kama hiyo kompyuta lazima iombe kwanza ndio ianze kazi.

Basi Gathogo akaleta Zeynab.

"Huyu anaitwa Zeynab," akatuambia. "Baba yake ni Mzee Abdirizak, yule wa ng'ombe kule Nanyuki. Amesomea mambo ya kompaila. Atasaidia hiyo kitu ya Kagendo ikimbie."

Hiyo kitu ya Kagendo. Umesikia hiyo?

Zeynab alikuwa msichana mrefu, mpole, anaongea kwa sauti ya chini mpaka ofisi nzima inanyamaza ndio imsikie. Mimi nikiongea watu wanafunga mlango.

Kabla hata hajazoea ngazi, akapewa laptop mpya. Mimi nimeomba laptop mpaka nikachoka, kila mara naambiwa bajeti, bajeti. Yeye hata hakuomba! Halafu akapewa meza ya dirishani, pale unaona mlima asubuhi kabla mawingu hayajashuka.

Na Mama Wendy, anayetuletea chai kutoka chini, akaanza kumwekea tangawizi. Nimekunywa chai ya huyo mama tangu niajiriwe na sikuwa najua ako na tangawizi.

Nikaanza kuungua. Ndani kwa ndani, huku natabasamu.

Hebu nikueleze sasa huyo Zeynab alifanya nini. Nitakueleza bila kumsifu.

Kila kompyuta iko na prosesa, ule ubongo wake. Lakini prosesa hazifanani. Za zamani zinajua kazi za kawaida tu, hizi mpya zimefunzwa mbinu za ziada. Na kuna kompaila, ambayo kazi yake ni kuchukua vile mtu ameandika na kugeuza iwe amri za mashine. Sasa kompaila usipoiambia kitu, inaandika tu zile amri kila prosesa itaelewa, hata ya zamani. Hapo hukosani na mtu. Lakini ile mashine mpya inakaa tu na nguvu zake, haizitumii.

Siku moja akaja kwa meza yangu. "Kagendo, pole kukusumbua. Ulipokuwa unatengeneza hii, uliambia kompaila iulize mashine ni ya aina gani?"

"Iulize aje?"

"Kuna amri ndani ya prosesa yenyewe. Unaiuliza, wewe ni nani? Inakujibu imetengenezwa na nani, ni ya familia gani, halafu inakutajia vitu vyote inajua kufanya. Kompaila ikishajua hivyo, inaandika kazi kulingana na hiyo mashine."

"Ati familia?"

"Eeh, wanaita hivyo. Familia."

Kwetu ukienda kwa watu lazima wakuulize wewe ni wa nani, wa ukoo gani, ndio wajue watakukalisha wapi. Sikujua mashine nazo huulizwa hivyo. Ilinipendeza, na nikaudhika sana kwamba imenipendeza.

Zeynab akaweka njia mbili ndani ya programu. Ikiamka, kitu ya kwanza inauliza prosesa. Ikijibiwa kwamba ni ya zamani, inapita njia yangu, inapima mtu mmoja mmoja. Ikijibiwa ni mpya, inapita njia ya haraka, inapima watu wanane kwa mpigo mmoja. Hiyo njia ya haraka aliiandika kwa mkono mwenyewe, kwa sababu kompaila peke yake haikuinyoosha vile alitaka.

Gathogo akatuita sote tuone majaribio. Kulikuwa na picha arobaini tulizopewa za kujaribia. Laptop yangu ikaanza. Gathogo akatusimulia habari za ng'ombe wake wa maziwa, na daktari wa ng'ombe, na mke wa daktari wa ng'ombe, ndio ikamaliza.

Halafu ya Zeynab. Mama Wendy alikuwa anakoroga sukari, na kabla atoe kijiko, kazi imeisha. Majibu yote sawasawa na yangu.

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, yale makofi ya kanisani mtu akitoa ushuhuda mrefu.

"Kagendo, umeona?" Gathogo akaniuliza.

"Nimeona, boss."

"Sasa wewe tutakuwa tunakutuma na gari, usaidie kuandika majina ya foleni."

Yaani mimi! Mwenye programu! Kuandika majina!

Nilienda choo cha chini nikalia, nikanawa uso, nikarudi nikamwambia Zeynab hongera. Akaniangalia kidogo, akasema asante.

Tukatembea hivyo miji yote, Kerugoya, Murang'a, Karatina. Yeye na laptop, mimi na kalamu. Wakitimia wanane, majibu yao yanatoka yule wa nane akiwa bado anafunga vifungo vya shati. Watu wanamwombea baraka. Hakuna mtu alishawahi kuniombea baraka mimi, walikuwa wananiuliza tu choo iko wapi.

Halafu ikafika zamu ya Nanyuki.

Gari la eksirei liliegeshwa ndani ya boma la babake, Mzee Abdirizak, pale karibu na soko la mifugo. Ng'ombe upande huu, watu upande ule. Zeynab amekaa chini ya turubai na laptop yake. Mimi niko getini na jua la utosi.

Huyo mzee, wacha niseme tu, ni mtu wa watu. Alipita kwa foleni akisalimia mmoja mmoja. "Karibu, karibu sana. Umepata chai?" Wachungaji, wauza mboga, mafundi wa gereji, wote wanapewa chai na mahamri.

Lakini alikuwa anakohoa. Anageuka kando, anajifunika na kitambaa, anakohoa, anarudi akitabasamu.

"Mzee, wacha nikuandike wewe kwanza," nikamwambia.

"Hapana, binti yangu. Hapa ni kwangu. Mwenye nyumba hawezi kuhudumiwa kabla ya wageni."

"Lakini mzee, hii si chakula."

"Ni ile ile. Niandike mwisho, mimi na watu wangu."

Na si yeye tu. Mdogo wake Abdiweli akakataa kuandikwa mapema, mke wa mzee akakataa, wale vijana wake wa ng'ombe wakakataa. Watu wa nyumba hiyo wote walisimama wakingoja mgeni wa mwisho apimwe.

Mzee akaniambia kwa nini alikuwa anataka sana kupimwa. Binti yake mkubwa, Istahil, dada yake Zeynab, alikuwa amejifungua, na amekuja kukaa arubaini yake kwa wazazi. Mjukuu wa kwanza, kijana.

"Mimi nasema hii kikohozi ni vumbi la mifugo," akasema. "Lakini sijamshika yule mtoto hata siku moja. Nimekataa. Namwangalia tu kutoka mlangoni mpaka nijue."

Jioni jioni wakapimwa, watu wa nyumba, wa mwisho kabisa.

Zeynab akaangalia laptop, akainua uso. "Aabo," akamwambia, ndivyo wanaita baba, "uko safi. Nyinyi wote mko safi."

Mzee akainua mikono. "Alhamdulillah!"

Akaenda akanawa, akarudi, Istahil akamletea mtoto. Akamweka kifuani, shavu kwa shavu, akafunga macho. Wamama walikuwa wanapangusa machozi na mitandio.

Halafu akatangazia watu wote, mtoto bado ako mikononi. "Mimi nimeuza ng'ombe maisha yangu yote. Huyu binti yangu, Zeynab, anasaidia watu kupona. Mungu anipe nini tena?"

Hapo ndipo niliumia vibaya. Laptop ni kitu, meza ya dirisha ni kitu. Lakini baba! Mimi wangu kule Chogoria anafikiria natengeneza simu. Krismasi alinipa redio ya jirani niirekebishe, na nilipomwambia sijui, akasikitika pesa ya karo ilienda wapi.

Nilirudi Nyeri nikiwa nimekunja uso mpaka njia yote ikapita sikuiona.

Jumatatu Zeynab hakuja kazini. Alikuwa ameomba ruhusa akae na familia. Akanitumia ujumbe: "Kagendo, nimekuachia programu na picha za Nanyuki kwa mashine ya ofisi. Ukipata nafasi, zipitishe kwa laptop yako."

Si hiyo ni madharau? Ati nizipitishe kwa laptop yangu! Nikae hapo nikingoja feni ikinguruma, nikikumbuka yake inamaliza kabla ya sukari kuyeyuka.

Sawa, nikasema. Nitazipitisha. Na nilikuwa naomba kitu kimoja: ianguke. Ile programu yake ya maringo ifike kwa prosesa yangu ya zamani, iulize wewe ni nani, ijibiwe, ichanganyikiwe, ianguke chini. Ningepiga picha hiyo skrini niiweke kwa grupu ya ofisi bila kuandika neno.

Haikuanguka. Iliuliza prosesa yangu, ikajibiwa kwa adabu kwamba hapa ni kwa wazee, ikachukua njia ya mtu mmoja mmoja. Nikasonya. Feni ikaanza.

Ikanguruma asubuhi yote. Nilipoona imemaliza, nikaangalia majibu huku nikitafuta hata kosa la sumni.

Wale wa kupelekwa hospitali walikuwa wale wale tuliowatuma siku ile. Na mmoja zaidi.

Abdirizak.

Nikacheka. Nikasema laptop yangu imezeeka mpaka imeanza kuota. Nikarudia picha yake peke yake. Alama ikawa ile ile, na ilikuwa juu, si juu kidogo.

Nikafungua majibu ya laptop ya Zeynab, nikaweka kando na yangu. Kutoka wa kwanza mpaka karibu na mwisho, alama zinafanana kabisa. Lakini wale wa mwisho, Mzee Abdirizak, mkewe, Abdiweli, wale vijana, laptop ya Zeynab ilikuwa imewapa wote sufuri.

Sufuri kabisa. Na hakuna mtu hupata sufuri. Hata mimi siku moja nilipigwa picha nikiwa mzima na nikapata kitu kidogo.

Nikafungua ile njia yake ya haraka nikaisoma mstari kwa mstari. Nilikuwa sijawahi kuisoma. Hakuna mtu kwa ofisi alikuwa ameisoma, tulikuwa tumeona vile inakimbia tukatosheka.

Nikaona.

Chukua Mama Wendy na sinia ya vikombe vinane. Anajaza sinia, anapeleka, anarudi, anajaza, anapeleka. Sasa mwishoni vikombe vimebaki vichache, havijazi sinia. Mtu wa kawaida anavibeba hivyo hivyo. Lakini Zeynab alikuwa ameandika: vikiwa vinane, beba. Hakuwa ameandika ufanye nini visipotimia nane.

Kwa hivyo wale wa mwisho walibaki jikoni. Hawakupimwa. Alama yao ilibaki vile kila mtu huanza nayo, sufuri. Na sufuri kwa hiyo programu maana yake ni safi.

Kompaila ilikuwa imefanya kazi yake, prosesa ilikuwa imefanya yake. Ni ule mstari mmoja tu binadamu alisahau. Na zile picha arobaini za majaribio zinagawanyika kwa nane bila kubakisha hata moja, ndio maana tulipiga makofi.

Laptop yangu nayo haijui habari ya sinia. Inabeba kikombe kimoja kimoja kama mlevi, lakini inafikisha vyote.

Nilifurahi jamani. Nilisimama nikazunguka meza. Nikaenda dirishani kwa Zeynab nikakalia kiti chake nikauangalia mlima.

Jumatano wageni wanaotupatia hiyo kazi walikuwa wanakuja, na Zeynab ndiye angewaeleza vile programu inakimbia. Nikapanga yote. Nitangoja amalize. Nitainua mkono. Nitauliza kwa upole, "Samahani, na wale wa mwisho?" Hata nguo nilichagua, ile yangu ya kijani.

Mama Wendy akaniletea chai. Nikaishika, nikapuliza, nikataka kunywa.

Nikamwona yule mzee na mtoto. Shavu kwa shavu.

Alikuwa ameambiwa ako safi. Kumaanisha hakai tena mlangoni. Kumaanisha tangu siku ile ako na huyo mtoto kifuani, anamkoholea kichwani, na hakuna mtu anamwambia geuka kando.

Nikajaribu kujiambia Jumatano si mbali. Nikaiweka hiyo chai chini.

Nikapiga simu.

"Kagendo! Habari ya—"

"Zeynab, baba yako ako wapi?"

"Ako hapa sebuleni na mtoto. Kwani nini?"

"Toa mtoto."

"Nini?"

"Toa mtoto kwa mikono yake. Saa hii. Halafu nitakueleza."

Nilitegemea aniulize maswali. Nilitegemea aniambie nina wazimu, na pengine nilitaka aniambie hivyo, ndio nimpige na ukweli vizuri. Hakuniuliza. Nikasikia amesema kitu kwa Kisomali, nikasikia mlango, nikasikia Istahil akilalamika na mtoto akianza kulia.

"Nimemtoa," akasema. "Niambie."

"Wale wa mwisho wote wako na sufuri kwa laptop yako. Sufuri kabisa. Kwa yangu baba yako ako juu."

"Mkia," akasema, kwa ile sauti yake ya chini. "Wale wanabaki baada ya nane. Kagendo, nimesahau mkia."

Halafu nikamsikia akilia. Nilikuwa nimengoja kusikia hiyo kitu miezi mingi, na haikuwa tamu hata kidogo.

"Peleka mzee hospitali," nikamwambia. "Eksirei si mwisho, wampime makohozi. Mwende na mtoto pia."

"Kagendo, ngoja. Wale wengine je? Kerugoya? Murang'a? Kila mahali kulikuwa na wa mwisho."

Mimi hata hilo sikuwa nimelifikiria. Baba yake ako hivyo, na yeye anawaza watu wa Kerugoya! Hapo wivu ukanishika upya, nikasema huyu hata kulia analia kwa akili.

"Pitisha zote tena," akasema. "Tumia laptop yako. Yangu usiiguse."

Hiyo laptop yangu ilinguruma mpaka watu wa duka la chini wakapanda kuuliza kama kuna mashine ya kusaga. Nilipitisha kila mji, kila siku tuliyowahi kwenda. Halafu tukaanza kupigia watu simu.

Na unajua wale wa mwisho walikuwa akina nani? Nilipoanza kuongea nao ndio nilielewa. Ni mama wa kanisa aliyepanga foleni siku nzima akajiweka nyuma. Ni kijana aliyeachia wazee nafasi. Ni dereva wetu mwenyewe, Muriithi, aliyesema wacha wateja wamalize kwanza. Sisi huku mtu mwenye heshima hajiweki mbele. Ile programu ilikuwa inaruka watu wenye adabu, na wale waliosukumana mbele walipimwa vizuri sana.

Yule mama wa kanisa, wa Kerugoya, alipatikana na TB. Akaanza dawa.

Mzee Abdirizak pia alipatikana nayo. Akaanza dawa, akahamishiwa chumba cha peke yake. Mtoto akaangaliwa, akapewa dawa ya kumkinga, daktari akasema wamewahi.

Jumatano wageni wakaambiwa waje siku ingine. Gathogo akatuita mkutano, sote, na Zeynab akiwa amerudi, macho yamevimba.

"Mimi sitaki maneno mengi," Gathogo akasema. "Zeynab, utatuacha. Kagendo, ile laptop mpya ni yako. Meza pia."

Akaisukuma mbele yangu. Nikaishika. Ilikuwa nyepesi, baridi, haina kelele.

"Lakini nataka kujua kitu moja," akaendelea. "Hiyo programu sote tumekuwa nayo. Wewe uliiona aje?"

Nikafikiria kusema ni bidii. Lakini wote walikuwa wananiangalia, na mimi uongo haunikai usoni.

"Nilikuwa natafuta makosa yake."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilikuwa na wivu! Umeridhika? Laptop, meza, tangawizi, kila kitu! Nilitaka programu yake ianguke!"

Muriithi dereva akacheka mpaka akaficha uso na kofia. Wengine wakafuata. Mama Wendy alikuwa mlangoni na sinia, naye akaanza.

"Mnacheka nini?"

"Kagendo," Zeynab akasema, "kila mtu anajua una wivu."

"Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza. Ukinisalimia unasaga meno."

Gathogo akakohoa kidogo. "Hata wacha nikwambie. Huyu alipokuja, mimi nilikuwa nikuachishe kazi. Sikuwa na haja ya watu wawili. Ni yeye alisema akikosa wewe hakai."

Nikamgeukia Zeynab.

"Ni Aabo alinifunza," akasema. "Pale sokoni, akitaka kununua fahali, haulizi rafiki yake. Rafiki atamwambia chukua, ni mzuri. Anamtafuta yule mfanyabiashara mwingine aliyemtaka huyo fahali akamkosa, anamwambia, hebu mwangalie. Huyo ataona hata kwato moja ikiwa na ufa. Nilipokuona nikajua nimepata mtu wangu. Nimekuwa nakuachia kazi yangu kila mahali tunaenda, na hukuwa unaifungua. Ya Nanyuki nikaamua nikutumie ujumbe kabisa, nikaandika vile nilijua itakukasirisha."

Yaani hebu fikiria. Mimi naungua, nalia kwa choo, nasaga meno. Kumbe hata wivu wangu mtu alikuwa ameupangia kazi! Nilitaka kumrushia hiyo laptop.

"Boss," nikasema, "asiende."

"Umemsamehe?"

"Nimsamehe nini? Akienda nitakuwa namkagua nani? Wewe unajua kuandika nini?"

Zeynab akabaki. Njia yake ya haraka akairekebisha siku hiyo hiyo, na mimi nikaipitisha kwa picha moja, kwa tatu, kwa kumi na moja, kwa kila idadi mbaya niliyoweza kufikiria. Sasa hakuna kitu chake kinatoka kabla nikipitishe kwa mashine ya zamani na mpya, na majibu yalingane mpaka mtu wa mwisho.

Laptop mpya sikurudisha. Nilishapewa, nimepewa. Zeynab alichukua ile yangu ya kelele bila kulalamika, na nasikia sasa anaipenda. Hiyo nayo inanikera.

Baada ya wiki kadhaa za dawa, nikiwa kwa ofisi, simu ikalia, namba ya Nanyuki.

"Binti yangu Kagendo."

"Mzee, shikamoo. Unaendelea aje?"

"Daktari ameniruhusu. Nimemshika."

Nikasikia mtoto akigugumia karibu kabisa na simu. Nikaiacha simu sikioni, sikukata.

Sasa wewe unayesoma hii. Kama unafanya kazi ambayo ukikosea mtu anaumia, usiwaonyeshe tu wanaokupenda. Wao wataona vile inakimbia na watapiga makofi. Tafuta yule roho inamuuma akikuona, umpe kazi yako yote aifungue.

Na kama ni wewe roho inakuuma, usikae nayo bure ukinuna. Chukua hiyo kazi yake, uisome mpaka mstari wa mwisho, na ukipata kitu usingoje Jumatano.